Seva isiyokaguliwa si salama, imefichwa tu

Makamanda, leo nawaletea kesi ya kompyuta, lakini ni siasa tupu. Inaitwa Dirty COW, ya Oktoba 2016, na ilikuwa ndani ya kerneli ya Linux, yaani kile kiini kinachoendesha seva nyingi duniani na simu zetu za Android.

Chukulia masjala ya mahakama. Kusoma jalada ruksa, ila ukitaka kuandika chochote, karani anakutolea nakala yako. Anaitoa, anajiwekea alama kichwani: huyu keshapewa. Kabla hujaishika, mwenzako anaichana. Karani akigeuka anakumbuka ile alama tu, hakagui tena, anakukabidhi jalada halisi na kalamu. Ndo ilivyokuwa. Kazi mbili zinakimbizana, moja inaandika, nyingine inatupa nakala, zinarudia na kurudia mpaka zikutane kwenye nukta mbaya. Mtumiaji wa kawaida anageuka bosi wa mashine nzima.

Mwanya huo ulikaa tangu 2007. Miaka tisa! Phil Oester aliunasa kwa sababu alikuwa anahifadhi kumbukumbu za kila kinachoingia kwenye seva. Shambulio lilipokuja, ushahidi ukabaki. Na Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliandika kwenye maelezo ya kiraka kwamba alijaribu kuuziba miaka 11 nyuma, na akauziba vibaya. Waziri gani wa kwetu amewahi kuandika hivyo?

Mtu atasema: mbona msimbo ule uko wazi kwa wote na bado miaka tisa ikapita? Kweli kabisa. Uwazi hauleti wakaguzi wenyewe. Ila aliyegundua alikuwa na pa kupeleka, na kiraka kikasomwa na kila anayetaka.

Sasa njoo kwenye uchaguzi. Kenya 2017, Mahakama ya Juu iliamuru seva za IEBC zifunguliwe. Tume haikutii ipasavyo, na hilo likawa moja ya yaliyoigharimu: tarehe 1 Septemba matokeo ya urais yakafutwa. Kwetu hata amri hiyo haiwezi kutoka. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais tume ikishatangaza. Mahakama ya Afrika, pale pale Arusha, ilishasema mwaka 2020 kwamba hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika.

Kwa hiyo tukidai Katiba mpya, tusiishie kwenye majina ya makamishna. Tudai na haki ya kufungua seva.