Linares alipelekwa Japani magoti yakiwa yameshaisha

Nilipotea kidogo, testi zilinibana kweli kweli. Leo nimerudi na dukuduku, na wala si la siasa za hapa chuoni. Ni la besiboli. Najua nusu yenu mshaanza kuguna, lakini nivumilieni.

Wanaonifahamu wanajua kwamba sekondari niliucheza huo mchezo. Walikuja Wajapani wa kujitolea wakatufundisha, wakatuletea glavu, mipira na magongo (gongo la kupigia mpira jamani, si ile mnayoifikiria nyie). Toka hapo nikawa mgonjwa wa besiboli. Sasa juzi usiku nipo chumbani naangalia fainali ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996, Cuba na Japani, mwenzangu wa chumbani akasogea. Cuba walishinda 13 kwa 9. Na jamaa mmoja wa besi ya tatu, Omar Linares, aliutoa mpira nje ya uzio mara tatu peke yake. Mara tatu, tena kwenye fainali ya Olimpiki!

Mwenzangu ni mtu wa Yanga na hajui besi ni mdudu gani. Akaniuliza, "Huyu alichezea timu gani ya maana?" Nikamwambia Pinar del Río, mkoa wake hukohuko Cuba, halafu mwishoni Chunichi Dragons ya Nagoya, Japani. Akachukua simu, akatafuta, akaanza kucheka. "Ndiye huyu unayenisumbua naye usiku wote huu? Mbona Japani alichemsha?"

Wadau, sikulala vizuri. Maana kwa makaratasi jamaa hakukosea. Linares alicheza Nagoya misimu mitatu, 2002 mpaka 2004, akapiga wastani wa .246 na homurani 11 tu. Kwa wasiojua, hiyo .246 ni kwamba katika kila nafasi 1,000 za kupiga, 246 ndizo zilizozaa matunda. Mtu akifika 300 anaheshimika popote duniani. Kwao Cuba, Linares alistaafu na wastani wa .368 na homurani 404. Miaka yake mizuri watu wengi walimhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wote ambao hawajawahi kugusa ligi kuu ya Marekani.

Sasa huyo wa .368 na huyo wa .246 ni mtu mmoja? Ndiyo, ila tuangalie tarehe. Linares alizaliwa Oktoba 1967. Alivyotua Nagoya mwaka 2002 alikuwa na miaka 34, magoti yameshachoka, na yule wa besi ya tatu aliyekuwa akikimbia kama swala wakawa wanamweka sana besi ya kwanza, ambako mbio si nyingi. Yaani walipelekewa gari limeshatembea barabara zote za vumbi, halafu leo mtu anasema gari hilo tangu mwanzo lilikuwa bovu.

Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Cuba ilifuta michezo ya kulipwa mwanzoni mwa miaka ya 60, na ligi yao ya taifa ikaanza 1962, wachezaji wakilipwa mshahara wa kawaida tu. Upande wa pili Marekani nao wana vikwazo vyao, kwamba Mcuba akitaka kucheza kwao lazima kwanza aachane na nchi yake. Kwa hiyo kijana wa Pinar del Río alikuwa na njia mbili tu, abaki au atoroke. Linares alibaki. Inasimuliwa kwamba Toronto Blue Jays walifika mahali pa kutaka acheze mechi za nyumbani Canada peke yake, ili asiikanyage Marekani. Haikutokea. Akabaki, akachukua dhahabu Barcelona 1992 na Atlanta 1996, na fedha Sydney 2000.

Halafu mwaka 2002, akiwa ameisha, ndipo serikali ikamwachia aende Japani kwa mkataba uliopitia mikononi mwake. Si yeye peke yake. Mwaka huohuo wakongwe wenzake Orestes Kindelán na Antonio Pacheco wakapelekwa hukohuko Japani kuchezea Shidax, timu ya kampuni. Mimi naiona hiyo kama kiinua mgongo. Umetumika vizuri, sasa nenda ukapate chochote kabla hujafunga glavu kabatini.

Na angalieni kituko kingine cha mwaka huohuo. José Contreras, mrushaji, mtu wa mkoa uleule na timu ileile ya Pinar del Río, alitoroka akiwa na timu ya taifa Mexico, Oktoba 2002. Muda si mrefu akasaini na New York Yankees dola milioni 32 kwa miaka minne, na 2005 akatwaa ubingwa na Chicago White Sox. Lakini Contreras naye alilipa. Hakuruhusiwa kukanyaga kwao zaidi ya miaka kumi, mpaka Januari 2013 alipoweza kurudi kumwona mama yake mgonjwa. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Linares alikuwa mjinga kubaki, huwa namwuliza, wewe mama yako ungemwacha kwa bei gani?

Mwenzangu alivyoona nimepandisha mori akaja na hoja nyingine, na hii ilinisumbua. "Lakini nchi ilimlea bure, ikamfundisha bure. Si ana deni?" Kweli, ana deni. Hata mimi na yeye tunakula bumu, na siku moja tutalirudisha shilingi kwa shilingi. Ila mkopo wetu una kiasi, umeandikwa, ukimaliza umemaliza. Deni la Linares nani aliliandika? Dhahabu mbili zilikuwa hazitoshi? Mechi zaidi ya 1,000 za ligi ya nyumbani? Deni lisilo na tarehe ya mwisho mimi siliiti deni.

Nisiwafiche, kuna mambo yanayonipunguzia nguvu. Cuba walikuwa wanatumia magongo ya alumini mpaka karibu na 2000, hata Atlanta yalikuwa ya alumini, na hayo husukuma mpira kuliko ya mti. Kwa hiyo zile 404 zinaweza kuwa na chumvi kidogo. Pia sipendi kumgeuza Linares mfungwa. Inawezekana kabisa alipenda kwao na hakuona sababu ya kuondoka. Lakini kupenda kwenu na kuzuiwa kwenda kazini nje ni vitu viwili, na mtu alitakiwa aweze kufanya vyote.

Mnataka ushahidi? Septemba 2013 Cuba ilibadilisha utaratibu, wachezaji wakaanza kuruhusiwa kusaini nje. Alfredo Despaigne akaenda Japani 2014 akiwa na miaka 28, na 2017 akiwa na SoftBank Hawks akaongoza Pacific League kwa homurani 35. Frederich Cepeda naye, staa mkubwa kabisa, alikwenda mwaka huohuo 2014 kwa Yomiuri Giants, ila yeye akiwa na 34, umri uleule wa Linares, na hakufika hata .200. Nchi moja, ligi za nchi moja, mwaka mmoja. Kilichotofautiana sana ni umri. (Na Marekani? Makubaliano yalifikiwa Desemba 2018, serikali yao ikayafuta Aprili 2019. Basi tena.)

Linares mwenyewe hakuondoka Nagoya kwa aibu. Msimu wake wa mwisho, 2004, Dragons walibeba Central League, wakaja kufungwa na Seibu Lions mechi 4 kwa 3 kwenye fainali ya Japani. Na miaka ya baadaye walimwita tena awe kocha. Watu hawamwiti tena mtu waliyemwona amefeli, au nyie mnaonaje?

Mwenzangu bado kakaza. Anasema mpira hauna huruma, anayehesabiwa ni aliyecheza. Nimemwekea ile homurani ya tatu ya Atlanta airudie tena, akaangalia kimya, halafu akaniuliza kama tumebakiza mchele. Haya, ngoja nikimbie, saa nane nina semina na sijasoma hata ukurasa.