Kutembea Si Kubeba Ndoo



Siku hizi si ajabu hapa Zinga kusikia kwamba baba au bibi wa jirani amepelekwa Muhimbili kupimwa au kuzibuliwa mishipa ya moyo. Zamani wengi walipelekwa India. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, wengi hutibiwa hapa nchini.

Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu, kinenani au kifundoni mwa mkono, hadi kwenye moyo. Kifua hakifunguliwi. Tundu ni dogo, lakini damu ya mshipa ule hupita kwa nguvu.

Kwa hiyo aliyetobolewa kinenani hulala chali, mguu umenyooka. Zamani alilazwa saa 6 au zaidi. Uchunguzi wa nchi mbalimbali umeonyesha kuwa wengi wanaweza kuinuka baada ya saa 2 hadi 4 bila kuongeza hatari ya kutokwa damu, na mgongo huuma kidogo zaidi ukilala muda mrefu. Aliyetobolewa mkononi huinuka mapema zaidi. Lakini saa ya kila mgonjwa huitaja muuguzi, si ndugu.

Akiruhusiwa, mwinue taratibu. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda. Akiona kizunguzungu, mrudishe alale. Hatua za kwanza asitembee peke yake. Akikohoa, abonyeze bandeji kwa kiganja.

Nyumbani ndiko tunakokosea. Akiwa baba, tunamlaza wiki nzima: "Pumzika, mume wangu." Akiwa mama, kesho yake yuko kisimani! Yote mawili si mema. Baba atembee uani asubuhi na jioni. Mama naye atembee, lakini ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Kwa takriban wiki moja, au kama alivyoelekezwa, asiinyanyue, asitwange wala asilime. Mabinti na wana wachote maji.

Damu ikitoka au uvimbe ukiongezeka, mlaze, bonyeza kwa nguvu pale palipotobolewa bila kuachia, na mtu mwingine atafute gari. Mguu au mkono ukiwa wa baridi au ganzi, au kifua kikiuma, mwahini hospitali mara moja. Wala asiache dawa alizopewa kwa sababu tu anajisikia vizuri.

Mama mwenzangu, mwinue mgonjwa wako, kisha umpokee ndoo.