KIPINDI CHA PILI BILA REFA!

Vijana wa Ngamiani na Makorora, mnabishana vijiweni kama rais wa Marekani hupata kipindi cha pili. Kule ramli ina kazi: Carter alibwagwa 1980, Bush baba 1992, Trump 2020. Kwetu je? Mkapa alirudi 2000, Kikwete 2010, Magufuli 2020. Mganga wa nini hapo?

Siri ni Ibara ya 41(7) ya Katiba: Tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuhoji. Vukeni Horohoro muone! Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta ushindi wa Uhuru. Alirudi, lakini baada ya kuhojiwa.

Hata mechi ya Mkwakwani ina refa. Ndugu zangu, acheni utabiri, daini Katiba mpya!