SMG za Riwaya Zetu Hazisukumi Bega

Nimechoka na SMG za riwaya zetu. Kila nikifungua hadithi mpya ya kijasusi au ya ujambazi, nyingi siku hizi zinasomwa kwenye simu, nakutana na shujaa yuleyule: kashika SMG kwa mkono mmoja, anakimbia, anamimina risasi, maadui kumi wako chini. Mkono hautikisiki. Jamani, hiyo ni bunduki au mpira wa kumwagilia bustani?

Hebu tupige hesabu. AK-47, ambayo wengi wetu tunaiita SMG, hutoa risasi kama 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Magazini ya risasi 30 inakwisha kwa sekunde 3. Kila risasi inayotoka inasukuma kitako begani, na kabla bega halijatulia nyingine imeshatoka. Mdomo wa bunduki unapanda juu. Ndiyo maana askari hufundishwa kuegemea mbele, kukaza kitako begani na kufyatua mbili tatu, basi.

Mtaniambia fasihi si kozi ya JKT. Sawa, lakini swali langu ni la kifasihi kabisa: zile risasi zilizopanda juu zimeenda wapi?

Mimi naandika habari za Karagwe na Kyerwa. Huku bunduki si pambo la jalada. Wazee wanakumbuka Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mgambo walipopelekwa vitani pamoja na wanajeshi. Baada ya 1994 wakimbizi waliingia kutoka Rwanda, silaha nazo zikavuka mpaka, na ikaja miaka ya mabasi kusindikizwa na polisi kwenye msitu wa Kimisi. Msomaji wa Kaisho au Nyaishozi akisoma kwamba mtu kafyatua mfululizo karibu na kijiji, anawaza nyumba iliyo nyuma ya migomba, mama aliye jikoni, ng'ombe zizini. Mwandishi yeye keshahamia sura inayofuata.

Hapo ndipo ninapogombana naye. Bunduki isiyosukuma inamzaa mhusika asiyekosea, na asiyekosea hana woga wala hatia. Kijana wa mgambo aliyeshtuliwa na silaha yake mwenyewe, akaona risasi zinakwenda asikotaka, huyo ana hadithi. Shujaa wa mkono mmoja hana. Tulikua na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, tukawapenda. Kuwapenda hakutulazimishi kuendelea kuandika vita kana kwamba hakuna anayeishi pale risasi zinapoangukia.

Waandishi, sisemi mkatafute silaha. Mtafuteni mstaafu mmoja wa jeshi, mkae naye, mumuulize bega lilimuumaje siku ya kwanza ya shabaha, na risasi zake ziliishia wapi. Kisha mrudi mkaiandike upya ile sura.