Prosesa mpya sasa, au mzazi asubiri?

Mtoto analalamika kompyuta inakwama kila akifungua kazi ya shule, na fundi ameshasema dawa ni prosesa mpya. Kabla hela ya ada haijaguswa, mzazi aulize kwanza diski iliyomo ni ya aina gani. Ikiwa bado ni ile ya zamani inayozunguka, aghalabu hapo ndipo penye shida. Akiwekewa SSD, mashine iliyokuwa ikichukua dakika nzima kuwaka itawaka kwa sekunde chache, na prosesa ni ileile.

Laptop nyingi za siku hizi prosesa yake imechomelewa kabisa, haibadilishwi. Za mezani hubadilishwa, ila bodi ya ndani hukubali aina fulani tu. Fundi asiyetaja jina la bodi hiyo bado hajaiangalia.

Wenye Windows 10 hesabu yao ni nyingine. Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hazikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Hao wasisubiri sana, hasa kama kompyuta ya watoto ndiyo hiyohiyo mama anayofungulia akaunti ya benki.