Kamari kwa Jina la Mchezo

Kila jambo litakalo kukaa mjini bila ya kuulizwa habari zake hutafuta kwanza jina jema. Jina jema ni kanzu: likivaliwa, aliye ndani hapekuliwi. Katika Kiswahili cha zama hizi hapana neno lililotumikishwa utumwa huo kuliko neno mchezo. Watoto wakipiga gololo, huo ni mchezo. Wazee wakiinamia bao chini ya mwembe, huo ni mchezo. Timu mbili zikishindana uwanjani kwa dakika 90, huo ni mchezo. Lakini kijana akitoa shilingi zake kwa simu, akampa mtu asiyemjua, kwa tumaini kwamba kona ijayo itapigwa kabla ya dakika ya 30, na fedha ile isirudi, hilo nalo huitwa mchezo. Mambo mawili yasiyo na nasaba yamelazwa katika kitanda kimoja. Ni wajibu wa wapenda lugha kuuliza ni nani aliyeyalaza pamoja, na kwa faida ya nani.

Mfano wa Itigi unatosha. Itigi ni mji wa reli ya kati katika Mkoa wa Singida, baina ya Manyoni na Tabora. Jina lake limefika mbali kwa kichaka chake kizito, ambacho wataalamu wa mimea wamekiita kwa jina la mji wenyewe. Kwa jasi yake, ambayo huingia katika saruji. Na kwa Hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Watu wake hulima alizeti na ufuta, hufuga, hurina asali, huchimba jasi na kuipakia. Fedha yao ni fedha ya jasho, na kwa mkulima ni fedha ya msimu: huja mara moja, ikapaswa kulisha miezi mingi. Katika mji wa namna hii, kama katika miji mingine ya Tanzania, vibanda vya kuonyeshea mpira, ambavyo watu kwa utani huviita vibanda umiza, hujaa Jumamosi jioni. Hapana ubaya katika hilo. Mtu aliyeshinda juani ana haki ya kuketi juu ya benchi, akalipa kiingilio kidogo, akawatazama Simba na Yanga au Arsenal na Liverpool. Ubaya haumo katika kioo kikubwa kilicho ukutani. Umo katika kioo kidogo kilicho mkononi, ambacho kimefungamanishwa na kile kikubwa kama ndoana na chambo.

Zamani aliyetaka kucheza kamari alikuwa na safari ya kwenda. Kasino ilikuwa mjini mkubwa, na mwenye kanda mbili hakukaribishwa mlangoni. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na huduma nyingine za mfano wake zikafuata, kasino imekwenda kwa mtu. Hapo mwanzo fedha iliwekwa kabla ya mpira kuanza, na mwekaji akangoja hadi kipenga cha mwisho. Alikuwa na dakika 90 za kutulia, pengine na za kujuta. Sasa kila dakika ya mchezo ni duka lililo wazi. Nani atapata bao lijalo? Nani atapewa kadi ya manjano? Aliyepoteza dakika ya 10 hualikwa kujikomboa dakika ya 15, na aliyejikomboa hualikwa kuzidisha dakika ya 20. Hapewi nafasi ya kupumua, na nafasi hiyo ndiyo akili ingeipata kusema basi.

Wauzaji wa jambo hili wana maneno mawili wayapendayo: mubashara na kubashiri. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu, na yote mawili yametiwa uongo. Bashiri katika asili yake ni mleta habari njema. Mbashiri wa kweli humpa mtu habari. Huyu wa leo humchukulia mtu fedha ili amwache atabiri mwenyewe. Kiswahili kilikuwa na neno lake la zamani kwa jambo hili, nalo ni kamari. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ilikuwa na haya kidogo kuliko tangazo la redioni kwa kuwa na haya zaidi ya ukweli: ilisema kubahatisha, yaani kutegemea bahati. Tangazo halitaki neno bahati lisikike peke yake, kwa sababu bahati hukumbusha bahati mbaya. Linataka kubashiri, ili mnunuzi ajione mjuzi.

Ama mubashara, maana yake ni moja kwa moja, pasipo kitu katikati. Lakini picha ifikayo Itigi hutoka uwanjani, ikapanda kwenye setilaiti, ikashuka kwenye dishi, ikafunguliwa na kisimbuzi; na katika safari hiyo hupita sekunde kadhaa. Kampuni ya kamari haitazami picha hiyo. Hupata habari za mechi kutoka kwa watu walioketi uwanjani kwenyewe, au kutoka kwa wauza takwimu waliowatuma watu hao. Mpira ukiwa umekwisha kuingia wavuni huko, mtazamaji wa Itigi bado anamwona mshambuliaji akikimbia. Akibonyeza simu, hukuta mlango umefungwa. Na hata mlango ukiwa wazi, dau lake hucheleweshwa kwanza kabla ya kukubaliwa. Basi watu wawili wamekaa kucheza karata, na mmoja wao ameshaiona karata ijayo. Katika baraza yoyote ya Waswahili mtu kama huyo angefukuzwa. Katika biashara hii huitwa mtoa huduma.

Haki itendeke: si kila mchezo uliofungwa na matangazo ya televisheni ni mwovu. Katika miaka ya 1980 kampuni ya NTN ya California ilieneza katika baa za Marekani mchezo ulioitwa QB1. Watazamaji wa kandanda ya Kimarekani walishika kibao cha vitufe, wakakisia mbinu ambayo nahodha wa mashambulizi angeitumia katika zamu ijayo: atarusha au atakimbiza, kushoto au kulia. Aliyekisia sawa alipata pointi, na pointi zake zikalinganishwa na za watu wa baa nyingine. Leo Ligi Kuu ya Uingereza ina mchezo wake wa kuunda timu ya kuwaziwa: mchezaji hupewa pauni milioni 100 zisizokuwapo, akachagua wachezaji 15 waliopo, na matendo yao uwanjani yakawa pointi zake. Kujiunga ni bure, na waliojiunga duniani wamepita milioni 10. Katika michezo hii mawili, aliyeshindwa hurudi nyumbani na fedha yake na aibu kidogo. Ujuzi wake umepimwa, ubishi umenoga, hakuna mtoto aliyelala na njaa. Huo ni mchezo wa kweli. Kwa hiyo wasemao kwamba kuipinga kamari ni kuipinga sayansi ya kisasa husema neno lisilo na miguu. Sayansi ni ile ile. Kilichoongezwa ni mkono ulioingia mfukoni mwa mtazamaji.

Na mkono huo huingia kwa hesabu, wala hauingii kwa bahati. Chukua mechi ya timu mbili zilizo sawa, ambayo matokeo yake matatu, yaani kushinda, kushindwa na sare, yana nafasi sawa. Haki ingekuwa kumlipa mshindi mara 3 ya dau lake. Kampuni hutoa mathalani 2.70, na uwiano huo vijana huuita odi. Watu watatu wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, kila mmoja juu ya tokeo lake, kampuni imepokea 3,000. Mmoja lazima ashinde, hulipwa 2,700. Shilingi 300 zimebaki, na kampuni haikuhitaji kujua lolote juu ya mpira. Mechi zikiunganishwa mbili, mikeka iwezekanayo ni 9: zimeingia 9,000, inalipwa 7,290, na kampuni imebakiwa na 1,710. Zikiunganishwa kumi, ambayo ndiyo ndoto ya kijana atakaye kugeuza shilingi 1,000 kuwa milioni, mikeka iwezekanayo ni 59,049, na katika kila shilingi 100 zilizowekwa hurudi kwa wachezaji kama 35 tu. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo tumaini linavyokua na haki inavyopungua. Hata neno mkeka limechaguliwa kwa ukatili usiokusudiwa: mkeka wa mkindu huketisha wageni na hulaza watoto, huu wa simu huchanika, na mwenye nao hulala chini.

Wenye shaka kwamba jambo hili halihusu mpira na watazame mechi za kompyuta ambazo kampuni hizo huziuza kando ya zile za kweli. Humo timu hazina wachezaji, uwanja hauna nyasi, na mechi nzima huisha kwa dakika chache ili nyingine ianze. Matokeo hutolewa na mashine inayochagua namba. Mpenzi wa mpira angetazama nini humo? Lakini fedha huwekwa. Mpira ulikuwa kanzu tu, na hapo kanzu imevuliwa.

Watetezi wana hoja tatu. Ya kwanza husema kwamba mtu mzima ana hiari ya fedha yake. Ni kweli, na hiari ni kitu cha heshima. Lakini hiari hutaka kujua. Mnunuzi wa sukari huona mizani. Mnunuzi wa mkeka haonyeshwi kwamba katika kila shilingi 100 zitarudi 90, au 81, au 35. Aliyefichwa kipimo hakutumia hiari. Hiari yake ndiyo iliyotumiwa.

Hoja ya pili ni kodi. Serikali hukusanya kodi kwa kampuni, na hukata kodi katika zawadi ya mshindi. Lakini fedha hiyo haikuzaliwa katika kamari. Ilizaliwa katika jasi, alizeti na asali. Ingetumika kununua bati, daftari au mbegu, na huko nako ingelipiwa kodi, na juu ya kodi kungebaki bati, daftari na mbegu. Hapa haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiko nyumba ya mwingine.

Hoja ya tatu ndiyo iliyovaa jezi. Husemwa kwamba bila ya kampuni hizi vilabu vingekufa. Mwaka 2017 SportPesa ilidhamini Simba na Yanga pamoja, na Julai ya mwaka huo ikawaleta Everton Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Wayne Rooney alifunga, na uwanja ukafurahi. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Lakini na itazamwe Kenya. Januari 2018 kodi ya kamari ilipopandishwa kufika asilimia 35, kampuni hiyo hiyo iliondoa udhamini wake kwa michezo ya huko, na klabu zikaachwa njiani. Mdhamini anayeondoka siku anapotozwa kodi hakuwa baba wa klabu, alikuwa mpangaji. Uingereza kwenyewe, ambako jezi hizo hushonwa kwa mabilioni, vilabu vya Ligi Kuu viliafikiana Aprili 2023 kwamba majina ya kamari yaondoke vifuani mwa jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Uganda nayo Januari 2019 ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya. Ikiwa wenye mali wameona hatari, mwenye gunia moja la ufuta asiambiwe kwamba hofu yake ni ushamba.

Zaidi ya fedha kuna hasara nyingine. Kandanda ilikuwa shule ya ushabiki wa haki: mtu alipenda timu yake katika kushinda na kushindwa. Mwenye mkeka hana timu. Leo humwombea mabaya mchezaji aliyempigia makofi jana, kwa kuwa bao lake lingeuchana mkeka. Bao zuri hutazamwa kwa uso uliokunjamana. Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Hapa mcheza kwao hutozwa, na hata lile tuzo la kufurahi ananyang'anywa.

Yafanyike basi yawezekanayo. Tangazo lolote liseme kamari, na kando ya jina liandike katika shilingi 100 hurudi ngapi, kwa herufi kubwa kama za odi. Kuweka fedha mechi ikiwa inaendelea kukomeshwe, kwa maana hapana mchezo wa haki ambao mmoja huona kabla ya mwenzake. Sheria imekwisha kukataza walio chini ya miaka 18; ikazwe mlangoni na kwenye simu. Shule za sekondari zifundishe hesabu ya mikeka mahali pa hesabu ya sarafu inayorushwa, maana kijana wa Itigi hakutani na sarafu irushwayo, bali hukutana na mkeka kila Jumamosi. Na wenye vibanda waweke ubao na chaki: kila mtazamaji akisie bure, pointi ziandikwe kwa msimu mzima, na bingwa apewe jezi. Wataona kwamba ubishi hautapungua hata chembe, na kiingilio kitalipwa vile vile.

Kichaka cha Itigi ni rahisi kukiingia na kigumu kukitoka. Wenyeji hulijua hilo na humwambia mgeni mapema. Kamari ni kichaka cha namna hiyo, lakini mlangoni pake wameandika uwanja wa michezo. Kazi ya kwanza ni kulifuta bango hilo. Kitu kikiitwa kwa jina lake, atakaye kuingia ataingia akijua aingiako, na wengi, wakishajua, watapita njia.