Huo Si Mwethya

Kwenye lango la ploti niliyokaa Kitui mjini palibandikwa karatasi: "Jumamosi ni mwethya. Asiyefagia, 200." Keateka ndiye aliyeiandika, ila maneno yalikuwa ya mwenye ploti.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, na kodi ilikuwa karibu kunishinda pia. Basi mimi sikufagia Jumamosi tu. Mwenye ploti alinipa ufagio na panga: nifagie uwanja, nifyeke nyasi, nisugue vyoo viwili vya vyumba kumi na viwili, deni lipungue. Maji ya kusugulia nilinunua mwenyewe, mtungi kwa mtungi, kwa kijana wa punda. Baada ya miezi mitatu deni lilikuwa palepale, maana kila mwezi kodi mpya iliingia.

Sina shida na kufagia. Nina shida na hilo jina.

Mwethya ni wetu Wakamba. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anapika. Serikali ya mkoloni iliuchukua ikaugeuza kazi ya lazima: watu wa Machakos, Makueni ikiwa bado ndani yake, wakachimbishwa matuta bila malipo. Waliichukia kazi hiyo. Matuta yalikuja kuenea miaka ya 1950, vikundi vilipoanza kujichagulia viongozi na kuchimba mashamba yao wenyewe.

Sasa niambie, nikimaliza kufagia kwake, mwenye ploti atakuja lini kufagia kwangu? Sina kwangu. Mimi ni mpangaji.

Utasema, "Si mnaishi hapo? Uchafu ni wenu." Sawa. Mlangoni pangu nitafagia, na takataka zangu nitatoa. Lakini uwanja, mtaro na ua ni mali yake, na ukionekana msafi ndiyo sababu anapata ujasiri wa kupandisha kodi. Sheria za mishahara za Kenya zinamtaja mfagiaji na mtunza bustani kati ya watu wenye kima cha chini cha mshahara. Hata Kazi Mtaani ya 2020 ililipa vijana shilingi 455 kwa siku kufagia na kuzibua mitaro. Serikali yenyewe haikuthubutu kuwaambia eti huo ni mwethya.

Binamu yangu anapanga mjini Wote. Kwao karatasi inasema "usafi wa jamii", lakini faini ni ileile.

Wapangaji wenzangu wa Kitui na Makueni, kabla hujashika ufagio Jumamosi, uliza: hii kazi inamfaidi nani? Mkikubaliana kufagia wenyewe, kodi ishuke na iandikwe kwenye risiti. Msipokubaliana, mwenye ploti aajiri mtu na amlipe pesa, si kumpunguzia deni lisiloisha. Na hiyo karatasi ya langoni itolewe. Neno la nyanya zetu si la kutozea watu faini.